Mdoli Hakushonwa Akae Juu ya Kabati

Ijumaa binti yangu amerudi na mgeni kutoka shule. Yuko darasa la pili hapa Berlin, na darasa lao lina mdoli wa kalunguyeye aitwaye Emil. Kila Ijumaa Emil anaondoka na mtoto mmoja, Jumatatu asubuhi anarudishwa. Ana mkoba wake wa kitambaa, na ndani ya mkoba mna mswaki, blanketi la ukubwa wa leso, na daftari la jalada gumu. Nyumba iliyompokea inamkirimu, na mtoto anaandika daftarini walivyoshinda naye, anachora, anabandika picha. Shule nyingi za hapa, hata za chekechea, zina mtindo huu, na kwa wenyeji ni jambo la kawaida kabisa. Mimi limenikaa moyoni wiki nzima.

Usiku ule nililisoma daftari lote. Emil amelala kwenye hema huko pwani ya Baltiki. Ameteleza kwenye theluji kwa ubao. Amehudhuria mazishi ya paka. Jicho lake la kushoto ni kifungo cheusi, la kulia ni kifungo cha kahawia kilichotolewa kwenye koti la bibi wa mtoto mmojawapo, na huyo bibi ameandika kwa mkono wake mwenyewe jinsi alivyolishona jicho jipya baada ya lile la zamani kupotea bustanini. Sikio limeungwa kwa uzi wa bluu. Tumboni ana doa la jamu lililogoma kutoka, na mtoto aliyefuata amelichora lile doa, akalipigia mshale na kuandika: hapa ndipo alipokula chapati za maji kwa kina fulani. Kurasa zote zile sikuona mzazi aliyeomba radhi wala aliyelaumiwa. Mdoli kachakaa kwa kupendwa na watoto darasa zima, na uchakavu wake umeandikwa kwa fahari.

Jumamosi tukampigia mama yangu Lindi kwa video. Binti akamwonyesha mgeni. Mama akamtazama, akauliza ni wa nani, akaambiwa ni wa shule. Akasema hapo hapo, "Mwekeni juu huko, asije akachafuka. Mali ya shule hiyo."

Binti yangu akamjibu, "Bibi, tukimweka juu, sasa tutaandika nini?"

Mama akanyamaza kidogo, akasema, "Haya mama, lakini mnawe mikono."

Ndugu zangu, hilo la kuweka juu nyote mnalijua. Kwetu lilikuwepo kabati la vioo sebuleni, na juu ya kabati ulikaa mdoli wenye nywele za dhahabu, ndani ya boksi lake, dirisha la plastiki halijatobolewa. Aliuleta mjomba aliyekuwa baharia. Aliuleta kwa ajili yangu, jina langu liliandikwa kwa kalamu pembeni ya boksi. Nilikua nikiutazama. Wageni walipokuja ulishushwa, wakaushika, wakausifu, ukarudishwa. Mimi ninayetajwa kwenye boksi niliambiwa, utauharibu. Chini yake, nyuma ya kioo, zilikaa glasi za wageni na sahani za maua zilizotoka Idi hadi Idi. Makochi yalikuwa na nailoni zake na vitambaa juu ya nailoni. Watoto tulikaa mkekani. Hakuna aliyetunyanyasa, tulipendwa sana, wazazi wangu wangeuza shati la mwilini ili tusome. Lakini kizuri chochote kilichoingia nyumbani mle kilikuwa cha mtu ambaye hajafika bado.

Hapo ndipo ninapotaka kugombana.

Kuna mtu keshaanza kuandika: huyu kakaa Ulaya kidogo, sasa anatuona washamba. Tena huyo namfahamu, ni wa ukoo wangu. Shangazi, sikuoni mshamba. Nakumbuka ulivyokuwa ukilifuta kabati lile kila Ijumaa kwa kitambaa chenye unyevu, mdoli ukiutoa kwa mikono miwili, na najua ulikuwa unalinda nini. Kilichokuja mara moja hakiji mara ya pili. Ukivunjika hakuna duka. Hilo nalielewa kwa sababu nimelelewa nalo.

Ila msinimalize kwa neno umaskini, kwa sababu halitoshi. Mbona wenye nacho wanafanya vilevile? Nenda nyumba za watu wenye magari mawili uani, utaona baiskeli ya mtoto imening'inizwa ukutani na karatasi zake, mtoto anaizunguka kwa miguu. Utaona chumba cha wageni kina kitanda cha sita kwa sita na chandarua cheupe, watoto wanne wamelala kwenye godoro moja upande wa pili. Huo si umaskini. Tumejifunza kwamba mtoto ndiye wa mwisho kufikiwa na kitu kizuri, na tumelifanya kuwa malezi bora.

Na asije mtu akaniambia Wajerumani nao wana midoli ya kufungiwa nyuma ya kioo. Wanayo, naijua. Kampuni ya Steiff, ambayo Margarete Steiff aliianzisha mwaka 1880 akiwa mwanamke aliyepoozeshwa na polio tangu utotoni, ilibuni dubu wake wa kitambaa mwaka 1902, na leo wako watu wazima wanaokusanya dubu hao wa zamani na kuwafungia kabatini. Sawa. Lakini hao ni dubu wa watu wazima, wamenunuliwa na watu wazima kwa starehe yao. Hakuna aliyeandika jina la mtoto pembeni ya boksi kisha akamnyima.

Sasa, kabla hamjanipa uraia wa watu, nisikilizeni na upande huu. Mtoto wa Kijerumani mwenye sanduku zima la midoli hajui kutengeneza hata mmoja. Sisi tulishona wanasesere wa matambara, nywele tukafanya kwa nyuzi za katani. Kaka zangu walikunja waya wakatoa lori, magurudumu ya kandambili zilizokatika, lori lenye usukani mrefu unaoendesha umesimama. Mpira tulisokota kwa nailoni na kamba, chandimu likachezwa mpaka magharibi. Na tulicheza na mtaa mzima. Hapa mtaani kwetu, Wedding ya Berlin, ngazi moja tuna familia kumi, na mtoto wangu akitaka kwenda kucheza ghorofa ya pili lazima wazazi tuandikiane tangu Jumatatu: saa ngapi mpaka saa ngapi, anakula nini, nani atamfuata. Hakuna anayepiga hodi. Nimeona zamu ya Emil imepangwa mpaka mwisho wa muhula, imebandikwa ukutani, na nikawaza kwamba mdoli huyu ametembelea nyumba nyingi za mtaa huu kuliko mtu mzima yeyote anayeishi hapa. Hilo nalo linaniuma. Watu wanaoweza kumkirimu kalunguyeye wa kitambaa kwa moyo wote namna ile, wangeweza kufungua mlango kwa jirani bila miadi.

Kwa hiyo sisemi wao bora. Nasema jambo moja tu, la mdoli, na nalisema kwa sababu ya kilichotokea Jumapili.

Mtaa wetu una barabara zenye majina ya kwetu, Sansibarstraße, Tangastraße, majina yanayokumbusha ukoloni. Moja iliyoitwa Petersallee ilibadilishwa mwaka 2024, na sehemu yake sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Binti alitaka Emil apigwe picha chini ya kibao hicho, tukampiga. Kisha tukapanda treni ya U6 mpaka Makumbusho ya Viumbe Asilia, kumwona mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa aliyechimbwa kwetu Lindi.

Wanalindi mnajua nasema nini. Ukiingia tu ukumbi mkubwa, yuko mbele yako, mita 13.27 kwenda juu, kichwa kinakaribia paa la vioo. Mifupa ile ilichimbwa kilimani Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913, miaka michache baada ya Vita vya Majimaji, wakati watu wa kusini wengine walikuwa hawajapona njaa. Mamia ya watu wetu walichimba, wakaifunga, wakaibeba kichwani na mabegani safari ya siku kadhaa mpaka bandarini Lindi, zaidi ya tani 200. Mnyapara wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, na watoto wa kwetu wangepaswa kulijua jina hilo. Mjusi akasimamishwa hapa mwaka 1937 na bado yupo.

Binti yangu alimnyanyua Emil juu ya kichwa chake ili aone vizuri. Watoto walijaa pale, wamelala chali sakafuni wanatazama juu, wanabishana shingo ni ya nini. Akaandika daftarini, kwa Kijerumani chake cha darasa la pili: mjusi huyu anatoka kwa bibi yangu, na mifupa waliibeba watu wa kwa bibi yangu. Akachora watu wadogo wengi kwenye mstari, kila mmoja na mfupa kichwani. Mimi nimesoma shule ya msingi Lindi, na hata picha ya mjusi yule sikuwahi kuonyeshwa.

Nilisimama pale nikiwa na fahari na hasira kwa pamoja. Mimi nataka mjusi arudi, nasema wazi. Lakini nikajiuliza, akirudi, atakuwa wa nani? Mtoto wa Mtanda na Mnazimmoja kule Lindi atalala chali chini yake kama hawa, au atajengewa jengo la kufunguliwa na kiongozi, lenye mlinzi wa kuwafukuza watoto na viatu vyao vya vumbi? Najua hoja hii ndiyo wanayoipenda wanaotaka kubaki naye, eti hatuwezi kutunza. Siwapi. Mali ni yetu hata tukiamua kuifukia tena. Nawauliza ninyi wenzangu, kwa Kiswahili, tukiwa wenyewe.

Yupo pia yule anayesema mtoto akiachiwa kila kitu hajui thamani. Huyo namheshimu, mara nyingi ni mwalimu. Mwalimu, ungemwona binti yangu wiki hii. Alipomlaza Emil alimfunika mpaka kidevuni. Nilipopika wali wa nazi na samaki wa kupaka alimfunga leso shingoni, na tone la mchuzi wa manjano lilipodondoka kwenye ukurasa aliruka kutafuta kitambaa, kisha akaamua kulizungushia duara na kuandika ni chakula gani. Jumatatu alihesabu vitu vya mkoba kabla ya kutoka: mswaki, blanketi, daftari, Emil. Utunzaji ameupata kwa kukabidhiwa. Mimi niliyetazama boksi miaka yote ile nilijifunza kuogopa kushika. Katika miji mingi ya Ujerumani wanafunzi wa udaktari hufungua hospitali za midoli, mtoto anamleta dubu wake, anaeleza anaumwa wapi, dubu anapimwa na kufungwa bendeji, ili mtoto azoee daktari asimwogope. Mtoto anayepita humo anatoka anajua kuuguza. Dubu wa kwenye boksi hakumfundisha mtu kuuguza.

Nimemwandikia rafiki yangu anayefundisha shule ya msingi kule nyumbani, nikamwambia jaribu. Amenijibu kwa sauti ya dakika nne, nusu yake ni malalamiko na yote ni ya haki. Watoto wamebanana, madawati hayatoshi, mimi namletea habari za midoli. Wikiendi moja kwa mtoto mmoja, wengine watamaliza shule zamu haijafika. Basi asilale wikiendi, alale usiku mmoja kila nyumba, na wawe wawili au watatu darasani. Daftari ni lile lile la mistari la dukani. Wasioweza kuandika wachore. Na asiwe wa nywele za dhahabu, awe wa vipande vya kitenge, pamba ya mto ndani, vifungo vya shati machoni. Nimemtumia pesa ya ushonaji, kiasi kidogo tu, na nimemwomba mtoto wa kwanza kumchukua awe yule ambaye kwao hakuna kabati.

Akauliza, na akipotea?

Mafundi cherehani wamejaa sokoni. Atashonwa mwingine, na watoto waandike daftarini jinsi wa kwanza alivyopotea.