Siku Sheha Alipomwaga Mikate ya Maulidi

Mimi ni fundi umeme. Natanguliza hilo kwa sababu balaa lote lilianzia hapo: taa ya jikoni kwangu, hapa Fuoni, Unguja, ilikuwa mwezi wa pili haiwaki. Za watu naziwasha mpaka Bububu, yangu mwenyewe ni "kesho inshaallah". Mama watoto alishachoka kusema. Akawa anapikia kwa mwanga wa makaa na wa simu.

Uani nina kuku 23, majike 22 na jogoo mmoja mwekundu tuliyempa jina la Sheha, kama kiongozi wa mtaa wetu, maana hakuna kinachopita pale asikijue. Kuku mkubwa hula kiasi cha gramu 100 hadi 120 za chakula kikavu kwa siku. Kwa wangu ni karibu kilo mbili na nusu kila kukicha, na nusu yake wanaichakura tu, inaishia mchangani. Nilikuwa nikiwatazama kama wapangaji wasiolipa kodi.

Ndipo mpwa wangu akanionesha kwenye simu jinsi watu wanavyochachusha chakula cha kuku. Unatia pumba, chenga na mtama kwenye ndoo, unamimina maji yapite juu kwa vidole vinne, unakoroga asubuhi na jioni. Vijidudu vyenyewe ni ndugu wa wale wanaogandisha mtindi. Nafaka inalainika, vumbi hakuna, kuku anakula hakimwagiki. Kikinuka uchachu wa mtindi, sawa. Kikinuka tembo la mnazi au kikiota ukungu, mwaga. Nchi za baridi husubiri siku tatu, nne. Kwa joto letu hili, siku ya pili tu ndoo inachemka yenyewe kama ina neno la kusema.

Ndoo nilichukua ya mama watoto. Alinunua mbili Darajani, nyeupe, pacha, zina mifuniko. Nilijiambia ataniruhusu baadaye.

Mpwa wangu alisema usibane mfuniko, gesi lazima itoke. Mimi nikaubana, asiingie panya. Saa nane usiku ukasikika mlio, pu! Mama mkwe, ambaye wiki ile alikuwa kaja kututembelea kutoka Wete, aliamka akisoma Ayatul Kursi. Mfuniko tuliukuta juu ya banda, na mtama ulikuwa umeganda ukutani. Tangu hapo ndoo yangu nikawa naifunika kwa kipande cha kanga kuukuu tu. Nayo nikawa naiweka jikoni, chini ya meza, mbali na panya.

Sasa. Mfunguo Sita, mwezi wa maulidi, ulipoingia, jirani mmoja akamwagiza mama watoto mikate ya kumimina kumi na tano, ya maulidi ya kina mama alasiri. Wanaoijua kazi hiyo wanajua. Mchele kilo tano uloweke usiku kucha, usage na tui zito la nazi, utie sukari, iliki na hamira, ufunike uumuke. Kisha uoke mmoja mmoja, makaa chini na makaa juu. Yeye aliamka saa tisa, akasaga, akafunika ndoo ya pili kwa kanga, akaisukuma chini ya meza, akarudi kujilaza mpaka alfajiri.

Mimi nilirudi msikitini kiza bado hakijaondoka. Nina mafua ya wiki nzima, pua zote mbili zimeziba. Nikabofya taa ya jikoni, kwa mazoea. Kimya. Nikapapasa chini ya meza, mkono ukagusa kanga, nikavuta. Nikamulika kwa simu: mapovu juu mpaka juu, meupe, yanapumua. Wallahi nilifurahi. Nikasema leo kimekubali, hakijawahi kuchacha namna hii.

Nikajaza vihori vyote vinne kwa kata. Kuku walisimama kwanza wakatazamana. Jike mmoja akadonoa, akainua kichwa, akafumba macho. Sijapata kumwona kuku akifumba macho kwa utamu wa chakula. Halafu wakavamia. Sheha hakutaka kihori cha pamoja, akarukia ukingo wa ndoo iliyobaki nusu, ndoo ikaenda upande, na unga wa maji ukatiririka banda zima kama tui lililochemkia nje ya sufuria. Wakaukanyaga na kuulamba, midomo ikagandana. Wengine miguu myeupe mpaka magotini kama waliochovywa chokaa. Nami nimesimama na kata, najisifu kwa kuwa nimepata dawa ya kupunguza gharama.

Jikoni nako mama watoto kaweka sufuria motoni, kavuta ndoo iliyobaki, kateka upawa wa kwanza, kamimina. Anasema alisikia tatata-tatata. Unga wa mkate wa kumimina hauna mlio. Ilikuwa mtama. Kabla hajaamua amesikia nini, moshi ukapanda: pumba za mahindi na dagaa niliowatia kuongeza nguvu, vimeokwa pamoja. Mama mkwe akauliza kutoka chumbani, "Mwanangu, mkate huo umetia nini?"

Niliitwa. Jina langu, la baba yangu na la babu yangu, kwa mpango huo. Nikaingia na ndoo tupu mkononi. Mama watoto akainusa, akapata harufu ya iliki. Hakusema na mimi. Alitoka mpaka bandani, akatazama, akapiga kelele iliyovuka ukuta:

"Sheha kamwaga ndoo nzima! Mikate ya watu ya maulidi, Sheha kaila yote!"

Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mtu anafagia. Ufagio ukasimama.

Yaliyofuata nayapitisha haraka kwa sababu bado mikono inauma. Nilipelekwa Mwanakwerekwe kununua mchele, ukaloweshwa maji ya moto ili uwahi. Nikakalishwa juu ya mbuzi kukuna nazi kumi. Mama mkwe alikaa barazani na tasbihi yake, na kila nazi ya pili akiniambia, "Kuna taratibu mkwe wangu, usikune na kifuu, tusije tukawapa watu chakula cha kuku." Mkate wa mwisho ulifika kwa jirani qaswida zimeshaanza. Kuku walilala mpaka adhuhuri, na siku tatu baadaye kila nikiwawekea pumba walikuwa wananitazama mikononi, wanangoja kile kingine.

Magharibi nilipanda ngazi mwenyewe, bila kuambiwa, nikafunga taa. Kazi ya dakika sita. Ndiyo kwanza imewaka, hodi mlangoni. Sheha. Sheha wa kweli, wa shehia yetu, kofia yake na bakora yake.

"Karibu, shikamoo."

"Marahaba. Nimesikia dukani kwamba leo alfajiri niliingia hapa nikala mikate ya maulidi."

Nikabaki juu ya ngazi, sishuki, sijibu. Mama watoto akamwekea kiti, akamletea kipande cha mkate kilichobaki na chai, akamweleza yote, akimwonesha na jogoo mwenyewe, aliyekuwa bado na ukoko mweupe kifuani. Mzee alisikiliza, akala, akafuta midomo.

"Na huyu mwenzangu, ni wa kienyeji?"

"Wa kienyeji hasa," nikasema.

"Basi siku mkimchinja mnialike. Kaniharibia jina."

Mama watoto akawahi kabla sijafungua mdomo:

"Hata Ijumaa hii, Sheha."