Mzee alisema ndiyo

Mara yangu ya kwanza kumhoji shahidi wa upande wa mashtaka, kesi ilikuwa ya mashine ya boti iliyoibwa. Shahidi ni mzee mvuvi, kanzu imepigwa pasi, kofia kaishika mkononi. Mimi nina maswali kumi na manne niliyoyaandika usiku kucha kwa Kiingereza, nayageuza papo hapo. La tatu likatoka hivi: "Mzee wangu, usiku ule hukumwona mshtakiwa, sivyo?"

"Ndiyo, mwanangu."

Nikafurahi moyoni. Mzee kakubali kwamba hakumwona. Hakimu, ambaye alikuwa akisikiliza Kiswahili na kuandika Kiingereza, akaandika kwamba shahidi alimwona. Nilikuja kuligundua hilo nilipochukua nakala ya mwenendo wa kesi. Nililiona kuwa kosa langu, na hata leo naliona hivyo. Ndiyo yetu hukubali kauli nzima uliyoitamka, hata ikiwa ya kukanusha. "Yes" ya Kiingereza huangalia tendo lenyewe, lilikuwepo au halikuwepo. Niliuliza swali la Kiingereza kwa maneno ya Kiswahili, na mshtakiwa niliyemtetea ndiye aliyeponzeka.

Kwa sheria zetu hapa Kenya, mahakama za mahakimu zinaendeshwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Mahakama Kuu ni Kiingereza. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 198 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai. Hapa Malindi tuna ngazi zote hizo mbili, na juu yake ipo Mahakama ya Rufani. Jaji wa rufani kwa kawaida hamwoni mzee wala kofia yake. Husoma karatasi, na karatasi ikisema alimwona, basi alimwona.

Ndiyo maana huwa nashangaa tunavyowaandaa vijana wetu wa sheria. Vyuo vinajivunia mashindano ya mahakama igizo, na si vibaya. Yale ya kimataifa ya Jessup yamekuwepo tangu 1960 na yametoa mawakili hodari duniani kote. Lakini tuseme kweli: mashindano mengi ya aina hiyo ni hoja za sheria mbele ya majaji. Hakuna shahidi. Hakuna anayekohoa, anayesahau, anayeanza kuhadithia harusi ya bintiye. Kijana anatoka na kikombe, halafu katika ile miezi sita ya uanagenzi, ya kujifunza kazi chini ya wakili, anakutana na binadamu.

Wanagenzi wanaokuja kwangu wanaijua kesi ya wavuvi wa Lamu na bandari, ile iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2018 kwa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Wanakutajia aya. Mvuvi mwenyewe akikaa mbele yao ofisini, wanapotea. Mmoja, kijana mzuri tu kutoka bara, aliambiwa na mzee wa Lamu, "Nalimuona kwa mato yangu, ndiani," yaani kwa macho yangu, njiani. Akaandika "matope" na kuendelea. Akaambiwa saa nane usiku, akaandika "8 p.m.", yaani saa mbili usiku. Katiba, ibara ya 50, inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Wakili atapewa na nani?

Basi nimebuni darasa langu. Jumamosi, barazani pa ofisi, na shahidi ni jirani yangu anayeuza mahamri na mbaazi. Kazi ya mwanagenzi ni moja: apate kisa cha mbuzi wa mama huyu bila kumtilia maneno kinywani. Maswali elekezi, yale yanayobeba jibu ndani yake, ni ya shahidi wa mwenzako; wako mwenyewe unamwachia njia aipite.

Juzi mwanagenzi alianza vizuri. Ilikuwaje? Kisha? Halafu akateleza: "Ulijuaje kwamba mbuzi ameibwa?"

Mama akaweka chini chano cha mahamri. "Mwanangu, mimi nimekwambia alipotea. Aliibwa umesema wewe."

Nimesoma vitabu vya ushahidi vya bei ghali na sijaona mahali swali elekezi limeelezwa vizuri kuliko hapo. Yule kijana alinyamaza karibu dakika nzima. Tangu siku hiyo, kabla ya kuuliza, namwona akitikisa midomo, analijaribu swali kwanza kimyakimya.

Ninachotaka si makubwa. Somo la uendeshaji wa kesi lipo tayari katika mafunzo ya uwakili. Kila mwanafunzi aendeshe japo kesi moja ya mazoezi kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, na shahidi asiwe mwanafunzi mwenzake, maana mwenzake anajua jibu linalotakiwa na atamhurumia. Aletwe fundi, mkulima, mwenye boti. Akae pembeni mtu wa tatu akiandika kwa Kiingereza anachokisikia, kisha wasomewe wote. Hapo ndipo watakapoona maneno yao yamegeuka nini. (Wanaosema Kiswahili hakina istilahi za sheria waje wamsikilize Kadhi akiendesha kesi ya mirathi asubuhi moja tu, kisha tuzungumze.)

Jumamosi hii mama hayupo, ana arusi Mambrui. Nimemwomba nahodha mstaafu aje badala yake. Amekubali kwa sharti moja: asiulizwe maswali mawili kwa pumzi moja, kwa sababu atajibu lile analolipenda.