Mguu unaongezewa muda, jina halipewi

Juzi nilimsindikiza shangazi Mahakama Kuu kusikiliza uamuzi wa rufaa. Hata dakika kumi hazikuisha. Muda aliokuwa ameongezewa na hakimu ili ashtaki kwa kuchafuliwa jina ukafutwa, na kesi ikafa kabla ya shahidi hata mmoja kuapishwa. Kwenye kiondo alikuwa amebeba daftari la chama, michango ya miaka sita imeandikwa kwa kalamu ya buluu. Hakuna aliyelifungua.

Aliitwa mwizi katika grupu la WhatsApp ambalo hakuwamo. Wanachama wakaanza kumkwepa, wakampokonya uweka hazina, naye hakujua sababu mpaka mwezi wa 14 tangu maneno yatumwe, binamu yangu alipomwonyesha simu. Kifungu cha 4(2) cha Sheria ya Ukomo ya Kenya, Sura ya 22, inayoweka muda wa mwisho wa kushtaki, kinampa aliyekashifiwa miezi 12 tu. Hesabu inaanza maneno yanapotolewa, si siku yanapomfikia. Na nani asiyejua kwamba anayesengenywa ndiye wa mwisho kuambiwa? Marafiki wanamwonea aibu, maadui wananyamaza, na saa ya sheria inakwenda.

Wakili wa upande wa pili alisoma sheria ilivyo, na hilo ndilo linaloniuma. Kifungu cha 27 kinamwongezea muda aliyeumia mwilini kwa uzembe, kero au kukiukwa kwa wajibu, ikiwa mambo ya msingi hakuyajua mapema. Kashfa haimo. Aliyevunjwa mguu na matatu ana miaka 3, na hata ikipita anaweza kubisha mlango. Aliyevunjiwa jina ana mwaka 1, kisha ukuta.

Sawa, mwandishi wa habari hawezi kuishi miaka na miaka akisubiri samansi. Tena maombi ya muda husikizwa upande mmoja bila anayeshtakiwa kuwepo, na hiyo si haki. Basi aitwe, asikizwe. Uingereza, tulikorithi sheria hizi, nao wana mwaka mmoja, lakini kifungu cha 32A cha sheria yao ya ukomo ya 1980 kinamruhusu jaji kuulegeza baada ya kupima hasara za pande zote mbili. Bunge letu linashindwaje kuandika kifungu kama hicho?

Tukishuka ngazi shangazi alinishika mkono. "Mwanangu, yale maneno bado yako kwenye simu za watu?"

Yako, shangazi.