Dinamo Pangoni

Taa ya dinamo ya baiskeli haina betri. Gurudumu likisimama, nayo inazima. Nimelijua hilo tangu utotoni Mwanga, Kigoma. Siku hiyo nililikumbuka nikiwa tayari ndani ya pango, ng'ambo ya mpaka.

Baiskeli ilipanda juu ya Hiace hadi Manyovu, nikavuka kwenda Burundi kwa shemeji, aliyemuoa dada yangu. Kule magari hupita kulia. Kichwa kilielewa, mikono ikabaki Kigoma. Mteremko wa kwanza tu, uso kwa uso na baiskeli iliyosheheni mikungu ya ndizi. Ile ikishuka usiitegemee breki, ipishe. Niliipisha kwa kuingia shamba la mihogo. Matusi ya mwenye ndizi niliyapata yote, maana Kirundi na Kiha ni ndugu.

Pango lenyewe lilikuwa kilimani nyuma ya kwa shemeji. Hatua kumi ndani, kona, giza totoro. Simu yangu ilishazima kwa kupiga picha.

"Shemeji, si una taa kwenye baiskeli?"

Tukaiingiza. Tukaipindua, tandiko na usukani chini, magurudumu juu. Dinamo yangu imefungwa gurudumu la nyuma, kwa hiyo ukizungusha pedeli kwa mkono umeme unapatikana. Nikazungusha. Taa ikawaka vizuri sana, ikamulika vidole vya miguu vya shemeji, kwani baiskeli ikiwa kichwa chini, taa nayo iko chini.

"Ifungue niishike."

Spana namba 10, ikatoka. Nikazungusha hadi bega likalia: giza. Fundi yeyote angecheka. Dinamo hizi zina waya mmoja tu, umeme unarudi kupitia fremu. Ukiing'oa taa kwenye fremu umekata njia ya kurudi. Tukakwangua rangi ya fremu kwa kisu, maana rangi haipitishi umeme, tukaunga kipande cha waya wa kufungia mzigo kutoka kwenye kishikio cha taa. Ikawaka! Tatizo, nyaya zilifika mita moja hivi, na huo ndio ukawa urefu wa utalii wetu.

"Ongeza kasi, shemeji. Kuna vitu vinaning'inia."

Nikaongeza, na hapo ndipo nilipoharibu. Dinamo ya volti 6 na wati 3 inagawia balbu mbili: wati 2.4 mbele, 0.6 nyuma. Ya nyuma ilikuwa imekufa tangu masika, nikaipuuza, eti nani ananifuata. Kumbe mgao wake wote ulikuwa unaishia mbele. Tena gurudumu lisilobeba mtu linakimbia kuliko barabarani. Balbu ikang'aa nyeupe, nikaona dari zima ni popo, nao wametuona. Pap! Ikaungua.

Popo hawahitaji taa. Waliruka wote kwa pamoja, mimi nikaruka na baiskeli, kwa sababu mkono wa shati ulikuwa umeshikwa na cheni. Nikivuta, pedeli inazunguka. Ikizunguka, cheni inakula shati zaidi. Nilishafika kwenye kiwiko.

"Tulia, shemeji, nikumulikie."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitochi, simu ndogo yenye tochi. Mwanga mpaka mwisho wa pango.

"Shemeji! Muda wote huu?"

"Nilikuwa natunza chaji. Dada yako akipiga asinipate, nitahamia humu humu."