Lenzi Ndefu na Zile Mita Kumi

Kitwitwi yule alikuwa anachechemea. Bawa la kushoto limelegea na kuburuta mchangani, mkia umetandazwa, sauti nyembamba inakatikakatika. Anakimbia kidogo, anageuka kunitazama, anakimbia tena. Nilimfuata na lenzi ya milimita 500 (kadiri milimita zinavyozidi, ndivyo lenzi inavyovuta mbali zaidi) hadi nikapata picha niliyoitaka, kali kiasi cha kuhesabu manyoya ya kifuani. Watu waliiona picha, wakaisifu. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba ndege yule hakuwa ameumia popote. Kitwitwi mwenye mayai hujifanya amevunjika bawa ili adui amfuate yeye na kukiacha kiota. Adui nilikuwa mimi, na mayai yalikuwa nyuma yangu, wazi kwenye jua la mchana, bila mzazi wa kuyafunika.

Nalieleza hili kwa sababu hoja kuu ya watetezi wa lenzi ndefu, yaani lenzi inayovuta karibu kilicho mbali, ni kwamba haimsumbui ndege. Wewe uko mbali, yeye anaendelea na shughuli zake. Ni hoja nzito, na historia iko upande wake. Zamani aliyetaka kumtazama ndege kwa makini alimuua kwanza. John James Audubon, ambaye michoro yake ya ndege wa Marekani inaheshimika hadi leo, aliwapiga risasi kisha akawashikiza kwa waya wakae kama wazima. Waingereza wawili, ndugu Richard na Cherry Kearton, walioanza kupiga picha za viota mwaka 1892, walifikia hatua ya kujificha ndani ya ng'ombe bandia, kwa kuwa vifaa vya wakati wao viliwalazimu kuwa karibu mno. Ukilinganisha na bunduki, au na mtu kukaa hatua chache kutoka kwenye kiota, lenzi ya milimita 600 ni rehema.

Tena ina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. Ndege waliovishwa pete miguuni sasa husomwa namba zao kutoka kwenye picha, bila kunaswa tena. Wisdom, albatrosi jike aliyevishwa pete kwa mara ya kwanza mwaka 1956 huko Midway, kisiwa cha bahari ya Pasifiki, hutambulika kwa pete yenye maandishi Z333, na mtu mwenye lenzi nzuri anaweza kuyasoma bila kumgusa. Picha moja safi ya mguu inaweza kueleza ndege ana umri gani na ametoka wapi. Mimi naithamini picha ya namna hiyo kuliko nyingi zinazopendwa kwa rangi.

Ila lenzi ndefu inatupa umbali. Haituambii umbali huo ni wa nani. Tuseme kwa lenzi ya milimita 400 ndege anajaa kwenye fremu unavyotaka ukiwa mita 20. Ukipata ya 600, ukubwa uleule unaupata ukiwa mita 30. Mita hizo kumi ndizo faida nzima ya ndege katika ununuzi wako. Na kwa ninavyoona, mara nyingi hazimfikii. Mpiga picha anasimama palepale pa zamani, mita 20, na ziada yote anaimalizia kwenye jicho la ndege lijae zaidi. Mwaka unaofuata anajikuta mita 15, maana macho yameshazoea ukubwa.

Hewa nayo inamsukuma mbele. Jua likishapanda, hewa iliyo juu ya mchanga au nyasi hupata joto na kuchezacheza, na lenzi ndefu hukuza mchezo huo pamoja na ndege. Picha ya mita 80 hutoka kama imepigwa kupitia maji, hata lenzi iwe bora vipi. Dawa ni kuja alfajiri, au kusogea. Wengi tunasogea, kwa sababu ni hatua tano tu, na ndege bado yupo.

"Bado yupo" ndiyo inayotudanganya. Watafiti wa tabia za wanyama hupima umbali ambao ndege huruka mtu akimkaribia, na kwa wastani wakubwa huruka mtu akiwa mbali zaidi kuliko wadogo. Lakini kuruka huja mwishoni. Kabla yake ameacha kula, shingo imenyooka, mwili umejibana, na jicho moja limekuelekea wewe. Pengwini wanaoatamia wamepimwa mapigo ya moyo, na yamepanda mtu alipokaribia ingawa ndege hakuinuka kwenye yai. Kwa hiyo ndege aliyetulia kwenye picha huenda hakuwa ametulia hata kidogo.

Wapo wanaosema tunakuza jambo dogo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2013 yalisema paka wa Marekani huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka. Mtu mmoja na kamera yake ni nini hapo? Hesabu hiyo siipingi. Tofauti ni kwamba wapiga picha hatujatawanyika kama paka. Tunakwenda kule kule aliko ndege adimu, wakati ule ule wa makinda, na mmoja akitoa habari wanafuata ishirini. Kila mmoja anasogea hatua zake tano. Ndiyo maana iNaturalist, mtandao ambao watu huweka kumbukumbu za viumbe walivyoviona, huficha mahali hasa walipoonekana viumbe walio hatarini, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 inafanya kuwa kosa kuwasumbua baadhi ya ndege adimu wakiwa kiotani, hata kama mtu hakugusa chochote.

Kuhusu kumrushia bundi panya hai ili aje mbele ya lenzi, au kukata matawi yanayokificha kiota, sina pande mbili za kupima. Matawi yale ni kivuli cha makinda na pazia lao dhidi ya wawindaji.

Ninachokitaka ni kidogo, na kinawezekana. Sensa ya kamera (sehemu inayonasa picha) ya megapikseli 45, yaani nukta milioni 45, ukikata picha ibaki nusu ya upana na nusu ya urefu, bado inakuachia zaidi ya megapikseli 11, zinazotosha kioo chochote cha simu. Mita kumi zile tunaweza kumrudishia ndege na picha isiharibike. Na chini ya picha, tunapoandika milimita 600 na spidi ya 1/2000 ya sekunde, tuandike pia umbali tuliosimama na ndege alikuwa akifanya nini kabla yetu na baada yetu. Ya kitwitwi wangu nimeshaiandika upya: "Milimita 500. Mita 12. Kabla: ameatamia. Baada: sijui, niliondoka nikiitazama picha."