Nyuki Darini, Mabingwa Barazani

Ukitaka kujua Lamu ina mabingwa wangapi wa nyuki, waache nyuki waingie darini kwako. Barazani hatabaki mtu asiye na dawa. Huyu, mwaga petroli. Yule, puliza dawa ya mbu. Wa tatu, choma tairi. Tairi! Chini ya paa la makuti, kwenye kichochoro ambacho punda wawili hawapishani! Nyuki wataondoka, ndiyo, na paa za mtaa mzima zitawafuata.

Sasa muulize bingwa: na sega je? Kimya. Ukiua nyuki, hakuna tena wa kupepea sega zipoe wala wa kuzilinda. Joto la kaskazi likiingia, nta inalegea, asali inachuruzika kwenye boriti mpaka kwenye chokaa uliyopaka juzi, majana, yaani watoto wa nyuki, yanaoza, sisimizi na nondo wa nta wanakuja karamuni. Kisha harufu ya nta inaita kundi jingine, na wewe unarudi barazani kuuliza dawa.

Kwanza angalia ni nyuki gani. Kundi linaloning'inia tu kwenye mwarobaini halina sega wala majana ya kulinda. Limepumzika safarini, na mara nyingi huondoka lenyewe ndani ya siku 1 hadi 3. Liache, ingawa najua kuna mtu ameshaokota jiwe. Lakini wakiingia na kutoka tundu moja, wengine na chavua miguuni, hao wamejenga na watapigana. Aitwe mrina asali mwenye vazi kamili.

Vazi kamili, nasema. Kuna wanaosema nyuki huchukia rangi nyeusi, kwa hiyo kanzu nyeupe yatosha. Nyeusi kweli wanaichukia, lakini bwana, kanzu iko wazi chini! Suruali nene ya rangi nyepesi, viatu virefu, miguu ya suruali ifungwe kamba, wavu usoni, glavu. Manukato yabaki nyumbani.

Kazi ianze jua likipungua, watoto wakishaingizwa ndani na majirani wameambiwa. Na punda wahamishwe mbali! Punda aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia, wanaweza kumuua papo hapo, halafu ndipo utamjua mwenyewe.

Moshi ni wa makumbi makavu ya nazi kwenye bomba la kupulizia moshi, hauna haja ya mafuta ya taa. Upime kwa mgongo wa mkono: ukiunguza, ni moto huo, si moshi. Mapulizo machache tunduni, kisha subiri dakika mbili tatu. Nyuki hudhani kuna moto, wanajaza matumbo asali, wanapoa. Ukipitiliza wanakimbilia ndani zaidi ya dari. Ukisikia harufu kama ya ndizi mbivu, ujue mmoja ameshachoma na anaita wenzake. Kwangua mwiba kwa ukucha upesi, kisha puliza moshi hapo.

Sega hukatwa mojamoja, na kando pawe na mzinga mtupu wa kuwahamishia nyuki. Zenye asali ziende kwenye ndoo yenye kifuniko, zisitiwe mzingani, maana zitavuja na kuita sisimizi. Zenye majana zifungwe kwenye fremu za mzinga kwa uzi wa pamba, juu ibaki juu, kwa sababu vyumba vya sega vimeinuka kidogo kwa mbele. Malkia ndiye mwenye mji. Usipomwona, tazama mlango wa mzinga: nyuki wakisimama pale wameinua mikia na kupepea mbawa, yumkini ameshaingia. Wengine watafuata kwa miguu.

Acha mzinga hapohapo mpaka giza liingie. Mlango uzibwe kwa wavu wa kupitisha hewa, upelekwe zaidi ya kilomita 3. Kutoa mtaa wa Langoni kupeleka mtaa wa Mkomani ni kujichosha, kesho nyuki wakongwe watakuwa tunduni kwako wakitafuta mlango. Peleka kijiji cha Matondoni, kwa mashua tafadhali, si juu ya punda.

Ikiwa wako ndani ya ukuta wa mawe, msije na sururu. Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Tundu hufunikwa kwa wavu uliokunjwa umbo la pia, urefu kama sentimita 30, ncha ya kupita nyuki tu. Wanatoka, hawajui kurudi, wanaingia mzinga uliowekwa kando. Huchukua wiki 4 hadi 8, kwani majana yaliyobaki huendelea kutoa nyuki, na aghalabu malkia hatoki. Mtaa mzima utalalamika kwamba mrina ni mvivu.

Mwisho kwangua nta, osha, ziba kwa chokaa kila upenyo unaopitisha nyuki. Na asali? Kama mtu alikwisha kupuliza dawa mle, hailiwi, ni ya kutupwa. Lakini aliyepuliza ndiye wa kwanza kubisha hodi na chupa mkononi.