Laini moja, mawakala wawili

Tarehe za mishahara, saa tano asubuhi, kibanda cha wakala wa pesa za simu kando ya stendi kimeshaishiwa noti. “Dada, nitolee elfu hamsini.” “Keshi sina kaka, labda upite jioni.” Simu ya wakala imejaa floti, yaani pesa iliyomo kwenye laini, lakini mteja hataki floti, anataka nauli. Jioni hiyohiyo, mtaa wa pili karibu na soko, mwenzake yuko kwenye shida ya kinyume: wachuuzi wamefunga mauzo, kila mmoja anataka kuweka, droo imejaa noti na floti imekwisha.

Menyu ni ileile na kamisheni ni ileile. Ndiyo maana sikubaliani na wanaowaambia vijana wasajili laini ya uwakala, halafu teknolojia itawafanyia kazi. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, tumeizungumzia kama habari ya simu. Ukikaa kibandani unaona biashara ya zamani kabisa: kushika pesa za aina mbili na kujua ni lini watu watataka ipi. Siku za gulio, wiki ya kufungua shule, msimu wa korosho kule Mtwara, hayo yote yamo kichwani mwa mtu. Anayeyajua hamrudishi mteja mikono mitupu.

Hata hivyo, wanaotetea teknolojia wana hoja ambayo wazoefu hawapendi kuisikia: mfumo wenyewe hubadilika. Mwaka 2014, hapa Tanzania, kampuni za simu za Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane pesa, na mwaka 2016 Vodacom ikajiunga. Julai 2021 zikaja tozo za serikali, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Watu wakakimbilia noti, na Septemba zikapunguzwa kwa asilimia 30. Wakala aliyejua floti tu hakuwa na la kufanya. Na sasa ipo lipa namba, namba ya duka ya kulipia kwa simu. Mteja akimlipa muuza duka kutoka kwenye simu, hana haja ya kupita kwa wakala kutoa pesa, na ile kamisheni haipo tena. Uzoefu wa miaka kumi unaweza kumfanya mtu awe hodari wa kazi inayopungua kila mwezi, asijue kwa nini.

Bado naegemea upande wa ujuzi wa biashara, ila ule ulioandikwa. Dada wa stendi alinunua daftari akaanza kuandika kila siku: kiasi kilichotolewa, kilichowekwa, na saa aliyoishiwa. Baada ya miezi mitatu aliona mambo mawili. La kwanza, upungufu wake na wa yule wa sokoni unakamilishana. Siku hizi, keshi ikikaribia kumwishia, anamrushia mwenzake floti naye anapewa noti. La pili lilimuuma: wanaotoa chini ya elfu kumi walikuwa wakipungua tangu duka la jirani libandike lipa namba. Simu ilikuwa na kumbukumbu za miamala hiyo yote, lakini asingejua aitafute nini kama hakuwa ameukaa mtaa ule miaka.

Mwezi huu ameweka friji ya maji na soda mbele ya kibanda, na lipa namba yake mwenyewe ameibandika ubavuni.